Nilivyobeba Jogoo Kufuata Cheti Korogwe

Chanika, kabla ya kuondoka

Nimwambie mama au nisimwambie? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu mfululizo, na kila nilipolijibu lilizaa jingine. Nikimwambia, presha yake itapanda. Nisipomwambia, atajua tu, kwa sababu mama hujua. Akijua bila kuambiwa na mimi, nitakuwa nimepoteza cheti na kuaminiwa kwa pamoja. Na je, akiniuliza siku ileile niliyopanga kumwambia, nitaonekana nimeungama au nimekamatwa?

Ninyi rafiki zangu lakini mliniuliza jambo jingine kabisa. Mliuliza kwa nini nilionekana pichani Korogwe, mlangoni mwa ofisi ya serikali, nimemkumbatia jogoo mwekundu kama mtoto mchanga. Aliyepiga ile picha namjua, na Mungu anamwona. Nimesharudi, nimeoga, nimekula, na sasa naandika yote mara moja ili nisiwe nasimamishwa njiani kila siku.

Mnajua kwamba nilipata ajira ya ualimu, na kwamba nilitakiwa kuripoti Jumatatu nikiwa na vyeti halisi. Asiye navyo nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Msichojua ni kwamba cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kimepotea. Mama alikitunza miaka yote ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya sanduku la vitenge vyake kule Kwamsisi. Panya hawakukigusa, mvua haikukifikia. Siku aliponikabidhi alikishika kwa mikono miwili. Mimi nikakaa nacho wiki mbili. Niliogopa kukiacha chumbani kwangu hapa Chanika, Handeni mjini, kisiibwe, kwa hiyo nikawa natembea nacho kila mahali, na siku niliyotoka Kang'ata kwa pikipiki bahasha ilichomoka kwenye mkoba, mahali fulani katika vumbi lile. Nilirudi kwa miguu kuitafuta mpaka jua likazama. Picha yake kwenye simu? Nilikuwa nayo. Niliifuta mwenyewe, nikihofia kwamba simu ikiibwa mwizi ataanza kujiita mimi.

Mambo ya fomu za Handeni nayaruka. Jibu nililopewa lilikuwa fupi: uliandikishwa Korogwe, kitabu chako kiko Korogwe. Ni kweli, mimi ni mtoto wa kwanza, na mama alikwenda kujifungulia kwao kama ilivyo desturi. Jumatano asubuhi nikajifunga safari. Mama sikumwambia.

Chanika hadi Sindeni

Gari lilikuwa na abiria wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa kikapu. Kilikaa siti ya dirishani, kimefunikwa kanga, kimetulia kuliko sisi sote. Dereva alisema ni cha mama mmoja aliyeomba dakika mbili amalizie shughuli sokoni. Dakika mbili zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya saa za ofisi mara sita, pamoja na muda wa pancha ambayo haikuwa imetokea.

"Si tukishushe hicho kikapu twende?" alisema mzee mmoja mwenye kofia ya mkono.

"Kishushe wewe, mimi simo," dereva akajibu. "Yule mama ukimwacha leo, kesho hupiti Sindeni."

Hakuna aliyekigusa. Hatimaye mama akatokea, mnene, hana haraka, mkononi ana mfuko wa mbaazi. Akachungulia ndani ya gari.

"Kumbe bado mpo?" alituuliza, kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha.

Akakaa kando yangu, akakipakata kikapu, na kabla hatujatoka mjini akaanza kazi.

"Shikamoo, mama," nilimwahi.

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

Nikamtajia ukoo wa baba. Akatikisa kichwa kama mtu anayepekua daftari. "Nawajua. Na unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Hapo akili yangu ikaanza mbio. Anaujua ukoo wetu. Nikisema nafuata cheti, atasema kilichokuwepo kimekwenda wapi. Nikisema kimepotea, habari itafika Kwamsisi kabla mimi sijafika Korogwe.

"Nakwenda kumsalimia bibi," nikasema.

"Bibi mzaa nani?"

"Mzaa mama."

"Haumwi?"

"Hapana." Hilo likaonekana halitoshi kwa safari ya katikati ya wiki. "Kidogo tu."

"Anaumwa nini?"

"Miguu."

Sijui miguu ilitoka wapi. Lakini gari zima liliipokea. Mzee wa kofia alisema dawa ni kukanda kwa maji ya chumvi. Abiria wa nyuma akasema chumvi inaongeza uvimbe, bora mafuta ya mnyonyo. Dereva akapunguza mwendo ili asikie vizuri. Wakaniuliza: inavimba au inauma tu? Asubuhi au jioni? Mmoja au yote miwili? Nilijibu yote. Ng'ombe walipokuja kuvuka barabara, nao wengi, wakiswagwa taratibu na Wamaasai wawili, nilimshukuru Mungu kwa sababu watu waligeuka kuwatazama. Ng'ombe wa mwisho alipopita, wakarudi kwenye miguu ya bibi.

Sindeni yule mama akashuka, kisha akarudi dirishani. Akanipa mfuko wake wa mbaazi, na kutoka kwenye kikapu akaongeza kifurushi cha mlenda mkavu.

"Mpelekee bibi. Mwambie mama wa Sindeni anampa pole ya miguu."

"Mama, hapana, ni vingi mno..."

"Nakupa wewe? Nampa mgonjwa."

Gari likaondoka. Nikabaki nimepakata mbaazi za mtu mwema, kwa ugonjwa niliouzua mwenyewe.

Sindeni hadi ofisini Korogwe

Sehemu hii ya njia sikuiona. Nilikuwa nawaza kama zawadi iliyopatikana kwa uongo inaweza kuliwa. Nilikuja kushtuka tuko juu ya daraja la mto Pangani, na baada ya hapo wauza machungwa wakawa wamejaa dirishani.

Ofisini nilimkuta karani mmoja mtu mzima, nyaya za miwani yake zimefungwa uzi. Kila aliyepita alimwita Mzee Kulwa, na kila aliyemwita alimuuliza amebakiza siku ngapi kustaafu. Nikamwamkia, nikaeleza shida yangu kwa ukamilifu, pamoja na pikipiki, vumbi na ile picha ya kwenye simu. Alisikiliza bila kukatiza.

"Namba ya cheti unayo?"

"Sina, mzee."

"Mwaka ulioandikishwa? Si wa kuzaliwa. Wa kuandikishwa. Wengi mliandikishwa baadaye, mwingine hata shule ameshaanza."

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Mama."

"Mpigie."

Nikaizungusha simu mkononi. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe wa wapi?"

"Handeni."

"Mzigua?"

"Baba Mzigua."

Mzee Kulwa akaweka kalamu chini taratibu. Uso wake haukucheka hata kidogo. "Basi ungesema mapema. Mzigua hapa hapati cheti bila jogoo. Awe mwekundu, awe anawika. Kesho niletee vitu viwili, mwaka na jogoo. Anayefuata!"

Nikatoka. Nje ukutani kulikuwa na bango limeandikwa kwamba rushwa ni adui wa haki. Nikalisoma mara mbili.

Nikaenda kwa mama lishe, nikaagiza wali maharage, nikaukoroga tu. Jogoo ni rushwa au si rushwa? Kama ni rushwa, kwa nini ameiomba kwa sauti mbele ya foleni nzima? Kama si rushwa, ni nini? Nikimripoti, cheti changu kitachelewa. Nisipomripoti, nitakwenda kuwafundisha watoto uraia kwa uso gani? Na kwa nini mwekundu?

"Dada, chakula kibaya?" mama lishe akauliza.

"Kizuri sana."

"Mbona unakiangalia kama kinakudai?"

Nikala. Nilikuwa na mbaazi za watu, sina mwaka, na jogoo nitampata wapi. Nikaona njia ni moja tu, ambayo nilikuwa nimeshaitaja kwenye gari: kwenda kumsalimia bibi.

Mjini hadi kambini

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Bibi Nyamizi. Baba yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Mkonge wenyewe siku hizi umepungua, lakini nyumba za kambi zipo, na waliozaliwa humo wanalima mahindi na kufuga kuku. Bodaboda aliniteremsha mwisho wa safu ya nyumba, nikamwona bibi anakuja kutoka bombani, ndoo ya maji kichwani, anatembea kwa kasi kunizidi.

"Mke mwenzangu umekuja!" alipiga kelele. "Umekuja kuninyang'anya nyumba?"

"Shikamoo, bibi. Nimekuletea mbaazi na mlenda. Na pole ya miguu."

"Miguu ya nani?"

Nikamweleza. Alitua ndoo ili acheke vizuri. Alisema dua ya mtu mwema haipotei, miguu hiyo itakapouma siku moja pole yake ameshaipata. Mbaazi akaziinjika palepale, akasonga ugali wa muhogo, tukala na mlenda wa Sindeni. Dhamiri yangu ilitulia kidogo, tumbo likatulia kabisa.

Kisha nikaeleza la jogoo. Nilieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ushahidi.

Bibi akaacha kutafuna. "Huyo karani anaitwa nani?"

"Mzee Kulwa."

"Kulwa. Mnyamwezi mwenzangu! Akakuuliza kabila kwanza, ndipo akataja jogoo?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka jirani yake, Mama Rehema, akaja kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Akaita wa nyumba ya pili. Baada ya dakika chache walikuwa watano, wote wananitazama mimi, msomi wa chuo kikuu, aliyetaka kumripoti mtani wake.

"Mtoto wa Kizigua huyu hajui utani!" Mama Rehema alisema akijifuta machozi. "Chuoni mnasomeshwa nini?"

Utani wa Wazigua na Wanyamwezi nilikuwa naujua, kwa kusikia. Nilijua wanataniana misibani. Nilidhani ofisini huachwa mlangoni, kama viatu.

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Mtani akikudai, huendi kulia. Unampelekea alichodai, halafu unamwonyesha kwamba hakiwezi." Akanyanyuka, akamkamata jogoo mwekundu aliyekuwa anadonoa maganda ya mbaazi, akanitupia. "Kesho utakwenda naye. Utamwambia hivi: Mnyamwezi, mzigo wako huu, jitwike kichwani, si ndiyo kazi mliyokuja nayo huku?"

"Bibi! Yule mzee ni mtu mzima. Nitamwitaje mpagazi?"

"Hivyohivyo."

"Akikasirika?"

"Mtani hakasiriki. Akikasirika ndiye anayelipa."

Nikamuuliza sasa la maana zaidi, mwaka nilioandikishwa. Bibi alifikiri kwa bidii. "Ulizaliwa alfajiri, hilo nalijua. Siku ya kukuandikisha mama yako alikubeba mgongoni. Kwa hiyo ulikuwa hujaanza kutembea. Au ulishaanza, ukachoka." Akafikiri tena. "Mpigie mama yako."

"Ana presha, bibi."

"Presha? Tangu umefika umekaa ukingoni mwa kiti kama unasubiri sindano. Presha ni yako, mwanangu."

Kambini hadi ofisini, mimi na jogoo

Asubuhi bibi alimfunga jogoo miguu kwa kipande cha katani, akanifundisha salamu ya Kinyamwezi, akanisindikiza hadi barabarani. Mwenye bodaboda alinitazama, akamtazama jogoo, akauliza, "Mnashuka pamoja?"

Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu na kuibomoa mara kadhaa kabla hatujafika mjini. Nilitembea kutoka stendi nikiwa nimemkumbatia, kwa kuwa nikimning'iniza nilimwonea huruma. Hapo ndipo nilipopigwa ile picha. Mlinzi wa getini akanizuia.

"Dada, huyo naye anafuata cheti?"

"Huyu ni wa Mzee Kulwa."

"Aa!" Mlinzi akafungua geti lote. "Mzigua! Pita."

Ndani kulikuwa na watu kama kumi kwenye benchi. Mzee Kulwa alikuwa ameinama anaandika. Nikasimama mbele ya meza.

"Mwangaluka," nikasema, kama bibi alivyonifundisha.

Mzee Kulwa akainua kichwa kwa salamu ya kwao, na kabla hajajibu jogoo akawika. Aliwika kwa nguvu zake zote, ndani ya ofisi, saa tatu na nusu asubuhi. Benchi zima likageuka. Mlango wa chumba cha bosi ukafunguka kidogo.

"Wewe binti! Umemleta kweli?"

"Mnyamwezi," nikasema, "mzigo wako huu. Jitwike kichwani, si ndiyo kazi mliyokuja nayo huku?"

Benchi likalipuka. Mama mmoja alipiga vigelegele. Mzee Kulwa yeye alikuwa ameshasimama, anapunga mikono kama anayefukuza nyuki.

"Mtoe! Mtoe nje huyo! Nimebakiza wiki tatu kustaafu, unataka nifukuzwe kwa ajili ya kuku? Watasema nimekula rushwa yenye manyoya!"

"Si ulisema mwekundu, anayewika?"

"Nilisema! Mimi Mnyamwezi nilisema, si ofisi!" Akaanza naye kucheka, mabega yanaruka. "Nani kakufundisha maneno haya? Jana ulikuwa mpole kama maji mtungini."

"Bibi yangu. Mnyamwezi. Nusu yangu ni Mzigua, hiyo ndiyo iliyoleta jogoo. Nusu ni yenu, hiyo imekuja kumrudisha kwa bibi apikwe."

Hilo la mwisho bibi hakunifundisha. Lilitoka lenyewe, na hadi leo sijui lilikuwa wapi.

Mlinzi akaja kumchukua jogoo, akamfunga kivulini nje, na jioni nilimrudisha kambini salama. Bosi aliyechungulia akafunga mlango wake akiwa anacheka. Mzee Kulwa akafuta miwani, akakaa, na uso wake ukarudi wa kazi.

"Haya. La jogoo limekwisha, umenishinda. Mwaka je?"

Nikasema sina.

"Binti, sikutanii sasa. Vitabu vile pale, unaviona? Nikianza kupekua bila mwaka, Jumatatu yako itanikuta bado natafuta. Nikiwa na mwaka, ni dakika."

Nikavitazama vitabu. Nilikuwa na njia nyingine tatu kichwani, zote ndefu, na zote zilikuwa za kumzunguka mama. Kumwandikia ujumbe na kuuliza mwaka kama utani tu. Kumwomba bibi aulize kwa niaba yangu. Kuahirisha ajira kwa kisingizio. Watu kumi wa benchi walikuwa wananisubiri mimi. Nikaamua. Nikatoa simu na kupiga, palepale mbele ya meza, kwa sababu nilijua nikitoka nje kutafuta utulivu nitabadili nia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona sauti hiyo?"

"Mama, cheti cha kuzaliwa nimekipoteza. Kilidondoka njiani, leo siku ya tisa. Sikukwambia kwa kuwa niliogopa. Niko Korogwe ofisini, wanataka mwaka nilioandikishwa."

Nilisikia upepo, na sauti ya jembe la mtu mwingine likigonga udongo. Alikuwa shambani, mbali na sanduku, mbali na karatasi yoyote. Nilikuwa na majibu tayari: kilidondokaje, wapi, kwa nini nilikuwa natembea nacho. Nilisubiri swali la kwanza.

"Una kalamu?" mama akauliza.

Sikuwa nayo. Mzee Kulwa akanipa ya kwake.

"Andika."

Akataja mwaka. Kisha, bila kuombwa, akataja namba ya kitabu na namba yangu, tarakimu moja baada ya nyingine, polepole, kwa kichwa, kama anavyotaja majina ya wadogo zangu akituita kula. Fomu zote za shule tangu darasa la kwanza alizijaza yeye.

"Soma nisikie."

Nikasoma. Mkono wangu ulikuwa umeandika vibaya, lakini namba zilikuwa sawa. Kabla sijamaliza kusoma, Mzee Kulwa alikuwa ameshakwenda kwenye rafu na kurudi na kitabu kipana chenye mgongo uliochakaa. Akakifungua, akalamba kidole, akafunua kurasa chache, akateremka mstari kwa mstari.

"Huyu hapa," akasema.

Jina langu, jina la mama, jina la baba. Wino umefifia kidogo, lakini unasomeka. Mama alikuwa bado hewani.

"Nimeonekana, mama," nikamwambia.